Karai la Asali Kando ya Uzio

Shemeji yangu aliponiletea ndoo ile ya asali, nilipaswa kumwambia airudishe garini. Sikumwambia. Niliipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikaiweka jikoni.

Ilikuwa Mei, mwaka wa kwanza wa korona, siku chache baada ya kuruhusiwa tena kutembeleana. Yeye ni kaka wa marehemu mke wangu, anakaa mtaa wa Merrylands, na tangu msiba ndiye pekee aliyenifuata huku ugenini Penrith bila kuitwa. Asali alikuwa amepewa na mtu aliyeacha ufugaji baada ya mizinga yake kufa. Ilikufa kwa nini, hakuuliza, na mimi sikuuliza.

Nilikuwa na mzinga mmoja nyuma ya nyumba. Nyuki wake nilipewa na jirani yangu, mjane wa Kizungu aliyenizidi umri, kutoka katika mizinga mitatu aliyoachiwa na mumewe. Kiangazi kile moto ulikuwa umeteketeza misitu ya milimani, maua yakawa machache, na aliniambia nyuki hawatavuka baridi bila kulishwa. Alinifundisha akiwa upande wake wa uzio: sukari nyeupe vipimo viwili, maji ya moto kipimo kimoja, koroga mpaka iyeyuke, acha ipoe, weka ndani ya mzinga jioni, usimwage hata tone nje. Kisha akasema jambo moja mara mbili. Asali usiyoijua ilikotoka usiwape kamwe. Huweza kuwa na ugonjwa usiomdhuru mtu, lakini unaua nyuki. Nikaitikia.

Lakini sukari ilikuwa imeadimika madukani, na ilipopatikana kila mtu aliruhusiwa pakiti mbili tu. Tena shemeji alicheka alipoona sufuria yangu ya maji ya sukari.

"Baba yako alitundika mizinga kule nyumbani Fizi maisha yake yote," alisema. "Alikuwa anapanda mtini na pakiti ya sukari?"

"Kule hakuna baridi ya hivi."

"Shemeji, ng'ombe hanunuliwi maziwa ya unga. Mtoto wa porini unafundishwa nyuki na bibi wa mjini?"

Nilicheka naye, lakini maneno yalinichoma. Katika ghala la St Marys nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi nikielekezwa na vijana namna ya kuinua boksi. Nyuki ndicho kitu pekee nilichoamini nimezaliwa nikikijua.

Kesho yake nikamimina asali kwenye karai, nikatupia vijiti wasizame, nikaliweka kwenye nyasi karibu na uzio. Haikupita saa moja likawa jeusi kwa nyuki. Wengi walikuwa wa jirani. Niliwaona wakirudi kwake wamelemewa, nikafurahi, nikajiambia namwokolea mama wa watu sukari yake. Niliendelea hivyo mpaka ndoo ikaisha, mwezi wa saba.

Miezi ile yote alikuja kwenye uzio kila asubuhi na kikombe chake cha chai. Binti yake alikuwa jimbo la Queensland na mpaka wa majimbo ulikuwa umefungwa kwa korona, kwa hiyo alizungumza nami. Alinieleza kwamba kundi la kwanza la nyuki mumewe alilikamata kabla binti huyo hajazaliwa, na nyuki wale walikuwa uzao wake. Binti alimshinikiza auze nyumba. Alimjibu kwamba maadamu nyuki wa baba yake wanaruka, yeye hatoki.

Septemba mzinga wangu ulianza kunuka. Majana, yaani watoto wa nyuki, yalikuwa yamekufa ndani ya vyumba vyao, vifuniko vimebonyea. Jirani alivaa barakoa, akaja, akachovya njiti ya kiberiti katika chumba kimoja na kuivuta polepole. Ikatoka na uzi wa kahawia, kama ute, alama ya ugonjwa ule alioniambia. Alirudi kwake akafungua mizinga yake mmoja mmoja, na mitatu yote ilikuwa nao.

Sheria inataka ugonjwa ule utolewe taarifa na mizinga ichomwe, naye alipiga simu siku hiyohiyo. Mkaguzi alipokuja aliniuliza nilikuwa nawalisha nini. Kabla sijafungua mdomo, jirani alijibu kwamba ni sukari tu, amenifundisha mwenyewe. Mkaguzi akatazama masanduku ya zamani ya mizinga yake, akasema mbao za umri ule huweza kuficha ugonjwa miaka mingi. Mama akaitikia kwa kichwa. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Tulichimba shimo uani kwake, na jua lilipokuchwa mizinga yote minne ikachomwa. Nta iliyeyuka ikawaka. Alinishika mkono wa koti.

"Nisamehe, jirani," alisema. "Nilikupa ugonjwa nikidhani nakupa zawadi."

Nikamjibu kwamba haidhuru.

Desemba mpaka ulifunguliwa, na nyumba yake ikawekwa bango la kuuzwa. Nilimkuta barazani akifunga vyombo kwa magazeti, ndipo nikamwambia yote: ndoo, karai, nyuki wake wakivuka uzio. Aliweka chini sahani aliyoshika.

"Miezi mitatu nimelala nikijua ni mimi niliyewaua nyuki wa mume wangu," alisema. "Na ulikuwa ukiniona kila asubuhi."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Shemeji simlaumu. Hakuna aliyemwonya yeye. Mimi nilionywa mara mbili. Kwa kuipokea ndoo ile niliwaua nyuki wote wa mjane, nikamwondolea sababu ya kubaki nyumbani kwake, na kwa kunyamaza nikamwacha abebe kosa langu. Aliondoka bila kuniaga. Nimempoteza mtu pekee hapa aliyekuwa akinijia kila siku kuzungumza nami, na hajapatikana mwingine.