Boriti Iliyodaiwa Kuletwa na Bahari

Saa mbili asubuhi, Sólrún Hallvarðsdóttir amelala chali ndani ya zizi la kondoo, samadi imemlowesha mgongo, tochi mdomoni. Anasugua boriti ya dari kwa brashi, pale paa linaposhuka hadi karibu na uso wake. Namba inajitokeza, imechongwa kwa patasi: 88.

"Hiyo ililetwa na bahari," anasema mwenye zizi, binamu yake Ketill, kabla hajaulizwa.

Hapa Grjótvík, magharibi mwa Aisilandi, kila nyumba husema hivyo. Gogo likitupwa ufukweni ni mali ya mwenye shamba, basi. Lakini bahari haichongi namba.

Sólrún, mwenye miaka 59, anapima na kuchora viwanda vilivyokufa. Kituo cha kuchakata nyangumi cha hapa kilijengwa na Wanorwei kwa boriti 214 zilizokuja kwa meli, kila moja na namba yake. Waliondoka mwaka 1913. Leo limebaki bomba la moshi, na halmashauri inataka kulibomoa Jumatatu ili wafuga samaki wapate nafasi. Kituo, wanasema, hakipo tena.

"Kipo. Kimegawanyika tu," anasema Sólrún kwa hasira. "Babu yangu alichuna nyangumi pale, akatoka na vidole saba. Wakiliangusha bomba, nitawaonyesha watu nini? Maji?"

Alilipwa kwa siku kumi za kazi. Hii ni ya arobaini na moja. Ameshachora boriti 139, mazizini, jikoni, hata kanisani. Ila halmashauri haihesabu boriti kuwa ya kituo mpaka mwenyewe akiri kwa sahihi ilikotoka, na kukiri ni kumwita babu yako mwizi. Mpaka leo hajasaini mtu.

Ketill anamshauri atafute mume, aachane na mbao za watu. Sólrún anamjibu kwamba mume aliwahi kumpata, akaoza kabla ya mbao.

Ketill anacheka, kisha anapitisha kidole juu ya ile 88.

"Lete karatasi, binamu. Babu aliiba. Heri aitwe mwizi kuliko waseme hapa hakuna aliyefanya kazi."

Anasaini. Sólrún, akikunja tepu, anashangaa mtu mmoja alibebaje boriti ya mita sita.

"Nani kakwambia alikuwa mmoja? Upande wa pili alishika babu yake mwenyekiti wa halmashauri. Yao ni 87. Iko darini, juu ya meza yao ya chakula."

Kikao cha halmashauri cha kuamua kuhusu bomba ni Alhamisi. Sólrún anakwenda kwa mwenyekiti sasa hivi, na samadi yake mgongoni.

"Asipofungua nitakaa mlangoni," anasema. "Kahawa ninayo."