Malenge Yaliyonyooshewa Kidole

Weka mkono kifuani uape kwamba hili halitoki hapa. Ni la familia, na mama yangu aliniapisha hivyo hivyo akiwa ameshika mwiko. Nimelitunza vizuri. Nimemwambia mama mwenye kioski tu, na wanawake wawili wa kanisani, na sasa wewe.

Nilipokuwa mtoto tuliishi Nakuru kwenye landi, yale makao ya wafanyakazi wa reli, chumba kimoja na nyanya yangu. Tulimwita Kukhu. Alikuwa ametoka kwetu magharibi kuja kutusalimia, akasahau kurudi. Ni yeye aliyenifundisha kwamba kitoto cha malenge hakinyooshewi kidole. Ukikinyooshea, kinaoza. Ukitaka kukionyesha, kunja ngumi. Watoto wote wa landi waliamini hivyo, na hata leo nikipita shambani mkono wangu hujikunja wenyewe.

Basi malenge ya shamba la shule yakaanza kuoza. Vitoto vinatoka, vinafika ukubwa wa yai la kuku, kisha vinageuka manjano na kuanguka. Darasa likamtafuta mwenye kidole. Likanipata mimi, kwa maana nilikuwa mtoto wa kusema watu: nani kaiba chaki, nani kajikojolea.

"Ni Trufena," akasema Rasoa, niliyekaa naye dawati moja. "Hicho kidole chake hakilali."

"Mimi huonyesha watu. Sionyeshi malenge."

"Na watu wenyewe wamekonda."

Wakacheka. Rasoa akahamia dawati lingine. Malenge hayo ndiyo yangepikwa siku ya kufunga shule, kwa hiyo nilikuwa nimewalia chakula chao. Wakati wa kucheza hakuna aliyekubali kunishika mkono. Nikawa natembea nimefumbata vidole kama nimeficha peremende.

Mwalimu Zakayo aliyakataa maneno hayo. Alikata shina la malenge, akatuambia kila kilicho hai, sisi na ng'ombe na malenge, kimejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, viitwavyo seli, vimebanana kama vyumba vya landi.

"Kidole hakiingii humo," akasema.

Akaeleza kwamba mmea wa malenge una maua ya aina mbili. Ua jike lina kitoto nyuma yake. Ua dume limekaa juu ya kijiti kitupu, lakini ndilo lenye unga wa manjano ambao nyuki hubeba. Seli iliyotoka kwenye unga huo isipokutana na seli ya ua jike, mbegu haianzi, na kitoto kinaanguka.

"Kesho mje asubuhi mapema, maua yakiwa wazi. Tutatazama kama madume yapo."

Nikarudi nyumbani nimepona nusu.

Asubuhi tukatoka kwa mstari, mwalimu mbele, Rasoa akinitazama mikono. Katikati ya majani alikuwa ameinama mwanamke, makalio yameelekea mlima Menengai, leso yake imejaa manjano. Akasikia miguu yetu, akainuka. Alikuwa Kukhu.

"Mulembe," akatusalimu, bila haraka yoyote.

"Mama," mwalimu akasema kwa adabu, "hayo maua unayapeleka wapi?"

"Jikoni, mwalimu. Tunachanganya na majani yake. Usiogope, mimi siharibu. Yenye kitoto siyagusi kabisa. Nachuma haya madume, hayazai kitu."

Kicheko kikaanzia nyuma kwa wavulana. Somo la jana lilikuwa bado bichi vichwani mwao.

Nimeshaupita umri aliokuwa nao Kukhu asubuhi ile, na bado uso hunichoma. Angekuwa ameiba malenge mazima, nadhani ningevumilia. Kilichoniumiza ni jinsi alivyosimama pale akiringia uangalifu wake. Mboga zetu tamu za wiki nzima zilikuwa zimetoka pale, na mimi ndiye niliyekuwa nikiomba kuongezewa. Hakuna aliyevilinda vile vitoto kama yeye, na hakuna aliyevimaliza kama yeye. Nikajificha nyuma ya msichana mrefu, nikiomba macho ya Kukhu yawe yamezeeka kuliko nilivyodhani.

Hayakuwa yamezeeka.

"Trufena, mjukuu wangu," akaita, uso umefunguka kwa furaha. "Njoo ushike upande huu wa leso, imenilemea."

Mstari wote ukageuka kunitazama. Kukhu akaunyoosha mkono, leso imejaa maua, akanisubiri.