Pointi za kumpeleka mama Muscat

Jamani, leo nimeduwaa mara mbili nikiwa kwenye kiti kimoja.

Mnajua huwa naenda China kufuata pampu za maji za wachimbaji. Kila safari nilijisemea, pointi za ndege zinajikusanya, zikitosha nampeleka mama Muscat akamwone mtoto wa mdogo wangu.

Leo nikamtoa mama kijijini kwake Samuye, kavaa kitenge kipya, tukaenda kwa wakala wa tiketi hapa Kahama.

Dada wa pale akaangalia kompyuta. Akaangalia tena.

"Mama Neema," akaniambia, "pointi zako hazikufikishi hata Dar."

Nikamwambia haiwezekani, mimi nakata tiketi za shirika moja tu.

"Tiketi ni zao, ila ndege ulizopanda ni za shirika wanaloshirikiana nalo. Kwa tiketi za bei ya chini kama zako, safari hizo hazina pointi."

Miaka yote hiyo!

Nikageuka nimwombe mama radhi. Nikamkuta anatabasamu.

"Wabeja sana," akamshukuru yule dada kwa Kisukuma. Kisha akanishika mkono. "Mwanangu, ndege naiogopa. Tangu uniahidi silali vizuri. Nilishindwa kukuambia, ulivyokuwa umefurahi."

Akampigia mdogo wangu pale pale. "Mlete mjukuu wangu huku. Wewe umeyazoea hayo madude."

Mdogo wangu kakubali, anakuja Desemba.

Hebu niambieni, nyie wazazi wenu huwa wanawaambia wanachotaka kweli?