Unga Kwenye Daraja

Gari aliloniachia mume wangu ni dogo mpaka watu wa kanisani walikuwa wakimuuliza kama analiendesha au amelivaa. Yeye alikuwa mtu mkubwa. Akiketi, magoti yalikaribia masikio, na akishuka, gari lilipanda juu kama mtu aliyetua mzigo. Alinifundisha kuliendesha hapa hapa Irving, kwenye uwanja wa magari wa ghorofa zetu, na masomo yake yote yalikuwa ya matope, maana miaka mingi aliendesha malori kwetu mashariki ya Kongo. "Likiteleza usilipigie kelele," alisema. "Ongeza uzito, weka kitu chini ya gurudumu, halafu liombe taratibu."

Alikuwa ametimiza wiki tatu kaburini theluji ilipoanguka.

Wiki hizo tatu nilizikaa kwenye godoro sebuleni, nimevaa nyeusi kutoka kichwani mpaka miguuni. Kwetu mjane hapiki, haendi kazini, hapazi sauti. Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, alikuja kutoka Houston kusimamia jambo hilo, na alilisimamia kweli. Pamoja naye alikuwapo mama mmoja shemasi wa kanisa letu, mwanamke mpana na mcheshi. Alikuja jioni ya kuamkia theluji kuniombea, mvua ikageuka barafu, akashindwa kurudi kwake. Pembeni ya godoro ilipangwa mifuko sita ya unga wa mahindi, zawadi za waombolezaji. Hakuna aliyejua tungeimaliza lini.

Sitaki kudanganya. Nilimlilia mume wangu na bado namlilia. Lakini kulia ni kitu kimoja, na kutazamwa ukilia ni kingine. Nilikuwa nimechoka kuulizwa kama nimekula.

Asubuhi ya theluji simu ililia. Alikuwa mwenzangu wa kazini, dada kutoka Kenya. Mimi na yeye tunapokezana kumtunza bibi mmoja mzungu anayeishi maili nne kutoka kwangu. Bibi huyo amesahau mambo mengi, ila hajamsahau mbwa wake aliyekufa zamani. Usipomwangalia, hufungua mlango na kutoka kumtafuta.

"Dada, pole sana, najua uko kwa matanga," alisema. "Lakini nimefanya shifti tatu mfululizo. Hakuna mtu ameweza kufika, na ofisi wanasema ningoje tu. Macho yanajifunga yenyewe. Nikilala, huyu mama atatoka, na huko nje hamalizi nusu saa."

"Nakuja," nilisema.

Wifi alikuwa amesikia kila kitu. "Unakuja wapi?"

Nikamweleza.

"Unaenda kwa sababu ya huyo bibi, ao unatukimbia sisi?"

"Yote mawili," nilisema.

Shemasi alicheka mpaka akashika ukuta. Wifi hakucheka. Alichukua koti la kaka yake, akalivaa juu ya vitenge viwili. "Mjane haendi peke yake," alisema. Shemasi akasema naye hawezi kubaki peke yake na unga.

Nje, gari lilikuwa donge jeupe. Tulikwangua vioo kwa mwiko wa ugali. Nikaliwasha, nikakanyaga polepole, magurudumu yakazunguka na gari likabaki pale pale. Nikakumbuka somo la uzito. Tukabeba mifuko minne ya unga na kuipanga kwenye buti. Pua ya gari ikainuka, na magurudumu yakazunguka vizuri zaidi kuliko mwanzo.

"Magurudumu yanayovuta ni ya mbele," shemasi alisema. "Uzito ukae mbele."

Wifi alimtazama kuanzia juu mpaka chini. "Basi, mama shemasi, kaa mbele."

"Nimeitwa kufanya mengi katika kanisa hili," alijibu. "Kuitwa mfuko wa unga, ni leo." Akakaa mbele na mifuko miwili miguuni na mmoja mapajani. Wa nne aliupakata wifi kule nyuma. Gari likashika njia.

Niliendesha polepole hivi kwamba wifi alimaliza zaburi mbili kabla hatujafika taa ya kwanza. Njiani yale magari makubwa ya watu wa hapa, yale yaliyotupita kila siku kwa dharau mimi na mume wangu, yalikuwa yamelala mtaroni. Moja lilikuwa tupu, mwenyewe ameshaondoka. Najua si vizuri, lakini nililipungia mkono.

Kisha tukafika kwenye daraja linalopita juu ya barabara kuu. Madaraja huganda kabla ya kila kitu. Tulipanda karibu hadi kileleni, magurudumu yakaanza kuzunguka bure, na gari likarudi nyuma kidogo kidogo. Nikavuta breki ya mkono.

Sasa lilibaki somo la kuweka kitu chini ya gurudumu. Kwetu tungeweka mchanga, majani, hata shati la mtu. Hapa tulikuwa na unga.

"Chakula cha kilio?" wifi aliuliza.

"Bibi atatoka nje," nilisema.

Aliutazama ule mfuko aliokuwa ameupakata, akanikabidhi mwenyewe.

Niliumwaga wote mbele ya magurudumu mawili. Ilibidi mtu asukume, na mwenye viatu vya kufaa nilikuwa mimi. Shemasi hakuweza kuondoka kitini, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa uzito. Basi wifi akashika usukani, mtu ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli. Nikamwambia shemasi aachie breki ya mkono, na wifi akanyage kidogo, kama anayemwamsha mtoto.

Aliamsha mtaa mzima. Magurudumu yalinguruma, unga ukaruka wote nyuma, na huko nyuma nilikuwepo mimi, mdomo wazi. Halafu gari likashika. Likamaliza daraja bila mimi. Nilimsikia wifi akimwita Yesu na shemasi akiita breki, na sauti zote mbili zikishuka upande wa pili.

Nilikimbia, nikaanguka, nikaimalizia safari kwa makalio. Gari lilikuwa limesimama kwenye nyasi, pua ndani ya theluji, bila hata mkwaruzo. Shemasi alikuwa bado ameshikilia breki ya mkono kwa mikono miwili. Wifi alishuka, akaniona, akaziba mdomo. Kitambaa changu cha kichwani, nyusi, gauni lote, vilikuwa vyeupe. Na kwetu, upande wa mume ndio humvua mjane nguo nyeusi na kumvika nyeupe, siku ya kumaliza kilio. Siku hiyo ilikuwa bado mbali.

"Mama shemasi," wifi alisema, "nimefanya nini?"

"Umemtoa kilio, mama. Na hata mchungaji haukumuuliza."

Hapo nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi, na sikuweza kujizuia. Wifi alijaribu kunipangusa, akazidi kuusambaza ule unga, mwisho naye akashindwa. Anacheka kwa pua, kama kaka yake. Nilikuwa nimesahau.

Tulilisukuma gari kurudi barabarani na kuendelea, safari hii mimi kwenye usukani. Tulipofika, mlango ulikuwa wazi. Bibi alisimama kizingitini na gauni la kulalia. Mguu mmoja ulikuwa na ndara, mwingine mtupu tayari umekanyaga ngazi ya nje, na mkononi alishika mkanda wa mbwa. Nyuma yake mwenzangu alikuwa amelala kwenye kiti, kikombe kimemwinamia mapajani.

Nilipita kwenye nyasi, nikamshika bibi kiwiko.

"Umemwona mbwa wangu?" aliuliza kwa Kiingereza chake cha taratibu.

Ofisi ilitufundisha kumjibu kwamba mbwa yuko njiani. Sijawahi kuweza. "Amekufa, mama. Zamani."

Aliutazama uso wangu na unga wake. Kisha akatazama gari lililokuwa nyuma yangu, ambalo kila siku mume wangu alinileta nalo na kumpungia bibi mkono. "Na yule bwana mkubwa?"

"Naye amekufa. Ni wiki tatu sasa."

Alifikiri. Akaukunja ule mkanda, akanipa niushike mimi, akaurudisha ndani mguu wake mtupu.

"Basi ingieni," alisema. "Mnaniingizia baridi ndani ya nyumba."

Tuliingia, na shemasi, mfuko wa unga begani, akauliza jiko liko wapi.