Mukwe Alinifundisha na Mugongo

Mukono yangu ya kuume ilikufa mimi nikiwa nasimama. Nilikuwa napiga pasi mashati ya Bazungu mu nyumba moja ya katikati ya muji, na pasi ile ya makala, nzito. Ikaanguka juu ya muguu. Nikaona moshi, nikanusa nyama inaungua, nikajiuliza: nani anachoma nyama saa hii? Kumbe ni muguu yangu mwenyewe. Kiisha na mimi nikaanguka.

Ku lopitali munganga alisema mushipa ya damu imepasuka mu kichwa. Ku nyumba balisema ni bulozi. Mimi sikusema kitu, juu kinywa ilikataa. Maneno ilipoanza kurudia, ilirudia ile tu ya mama yangu, Chiluba ya Kasai, ile ya kunyonya. Kiswahili, yenye nilizungumuza mu Lubumbashi tangu kijana, yenye niliposea muke, haikukuwa tena. Nilitafuta "moto", ikatoka "kapia".

Wakati mwingine bantu bangecheka tu. Lakini Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na bijana balikuwa banapita nyumba kwa nyumba mu Katuba, mutaa yetu, banatafuta bantu ya Kasai. Muntu wa Kasai anafukuzwa, nyumba inabakia ya mwenye kumuonyesha na kidole.

Muke yangu ni muntu wa huku. Ndugu yake, shemeki yangu, alikuwa analala kwetu, anakula bukari, ugali yangu, anavaa suruali nilizopiga pasi. Mimi ningali mu kitanda, yeye anapima vyumba na macho.

Mwenye kunisaidia hakukuwa muke. Ni mama yake, mukwe yangu, alitoka ku kijiji yake ya Kasomeno na kitunga ya karanga juu ya kichwa. Kwetu, na kwao vilevile, mama mukwe na bwana ya mutoto yake habaangaliane. Habale pamoja, habagusane, habapane kitu mu mukono. Basi mama alikuwa anakaa mu mulango, ananipa mugongo, anaambua karanga, anasema na lupango, ule uwanja wa mbele ya nyumba:

"Moto."

"Ka... ka..."

"Hapana, mukwe. Hiyo iko ya kwenu. Moto! Sema, ao leo unakula mubichi."

Nikacheka na nusu ya kinywa. "Mo-to."

"Ndiyo, njo hivyo. Sasa, bukari."

Midomo yangu ilikuwa imepinda, mate inashuka mpaka ku shati. Muke aliona, akakunja uso. Mukwe hakuona hata mara moja. Ule mugongo ulinipa nguvu kupita dawa.

Tukatengeneza maneno ya kujibia bale bijana siku bakikuya: "Mimi niko mugonjwa. Niko kwangu. Nilioa huku." Nilisema asubui, nilisema wakati wa bukari, mpaka ikashuka kama mayi ya mvula.

Balikuya muchana, bakaingia mu lupango. Shemeki alitangulia mbele yao. Nilimuona, asinidanganye leo ati balimulazimisha. Na jirani, muuza makala, mwenye nilikuwa namupigia pasi shati ya misa bure, alisimama pa njia anaonyesha nyumba na kidevu.

"Baba, uko muntu wa wapi?" kijana wa panga aliuliza.

Nikasema polepole, lakini yote: "Mimi niko mugonjwa. Niko kwangu. Nilioa huku."

Kijana akamugeukia shemeki. "We, si ulisema hajue Kiswahili? Huyu anasema kupita wewe!"

Benzake bakacheka, bakaanza kutoka mu lupango.

Shemeki akashikwa na hasira. "Bamufundisha ile maneno tu! Mumuulize ingine!" Akaingia na nguvu, na mama yake alikuwa palepale mu mulango. Akamusukuma. Mama akaanguka kinyumenyume juu ya kitanda yangu, mwili muzima, kichwa yake mu kifua yangu.

Muntu wa kwetu atanielewa. Mwili ya mukwe! Haya ilinipiga kupita ile damu ya kichwa. Nikalia kwa nguvu, namuita Mungu, namuita mama yangu mwenye kufa zamani, na yote ikatoka mu Chiluba: "Mvidi Mukulu! Mamu wanyi!"

"Munasikia?" shemeki alisema, kama muntu mwenye kushiba.

Bijana bakarudia, bakanitupa mu kamyo, lori yao, mpaka ku kambi ya bakimbizi pembeni ya muji. Muke alifunga mulango. Bananiambia alilia. Basi alilia mu nyumba yangu.

Kule mu mahema bote balikuwa banasema Chiluba. Munganga mumoja ati nitapona mbio, juu niko kati ya bantu bangu. Mujinga. Mimi nilikuwa najifunza Kiswahili peke yangu, na uso ku turubai, juu ya muntu mumoja mwenye nilitaka kumuambia neno.

Katanga iliporudia mu Kongo, nikarudia na mimi, na fimbo. Shemeki alikuwa amekaa ku baraza yangu.

"Eee, shemeki! Karibu. Unaona, tulikuchungia nyumba."

"Wewe njo uliniuza," nilisema, ile neno yangu ya mu hema. "Wewe na huyu wa makala. Na muke yangu alikunyamazia." Lupango muzima balisikia. Hakuna neno yenye ilipotea.

Akapiga makofi. "Kumbe ulipona! Kiswahili yote imerudia!" Na akabakia amekaa.

Nikaomba pasi yangu tu. Mukwe njo aliileta. Alikuya kinyumenyume, akaiweka chini mu mulango, akangojea nisogee. Nikaiokota na mukono ya kushoto. Mbele ya mukwe hiyo ni matukano, lakini ule mwingine haukurudia mpaka leo.

Nayo bado napiga pasi, mu nyumba ya kupanga. Shemeki angali analala mu chumba yangu.