Marahaba Kutoka Mlimani

Siku ya kwanza Silasi kumwona Gaudensia, dada huyo alikuwa amebeba viatu mkononi na maneno makali mdomoni. Alikuwa anapanda kilima miguu mitupu, nyuma yake Mkurugenzi Godbless akihema kama gari moshi la mizigo, na kila alipojikwaa alimuuliza Mkurugenzi kama sauti yake ya redioni nayo hupitia njia hiyohiyo.

"Maana kama inapita hapa," alisema, "ndiyo sababu kwetu Choma inafika imechoka."

Silasi alikuwa mlinzi wa mnara wa Redio Mninga, mgane wa makamo, mpole kupita kiasi. Alisimama mlangoni mwa kibanda cha mitambo akayatazama mabuti yake. Alisalimiwa, akayajibu mabuti. Papo hapo, bila kuombwa ushauri na mtu, moyo wake ukapitisha uamuzi. Mdomo haukualikwa kwenye kikao hicho.

Gaudensia alikuwa msomaji wa matangazo ya vifo na salamu. Wazazi wake ni wafugaji wa Choma, na utotoni kazi yake ilikuwa kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mbuga. Redio ilipompa maiki alishangaa mtu mwenye afya njema anaihitaji ya nini. Lakini tangazo la kifo alilisoma kwa heshima hata wasiomjua marehemu waliepua sufuria wakasikiliza. Hakuruka jina la shemeji yeyote. Mkurugenzi alipomwomba afupishe ili tangazo la magodoro lipate nafasi, alimjibu, "Godoro litasubiri, baba. Maiti hasubiri."

Shida ni kwamba masika sauti yenyewe ilikuwa haifiki. Studio iko Gongoni, Tabora mjini, ghorofani, na juu ya paa lake kuna dishi linalotazamana na dishi lenzake kule mlimani. Sauti hutoka la kwanza, huruka hadi la pili, kisha mtambo wa mlimani huisambaza kwa wananchi. Mpango mzuri sana, isipokuwa katikati umesimama mwembe wa Mzee Sabiri. Kiangazi sauti hujipenyeza. Mvua ikinyesha na majani yakilowa, sauti huingia mwembeni na haitoki.

Mzee Sabiri aliombwa apunguze matawi. Alisema mti ule ulipandwa na babu yake, mpagazi wa misafara, na hatakata urithi kwa ajili ya salamu za watu wasiomjua. Ndiyo Tabora hiyo: kila mwembe ulipandwa na mpagazi. Ukiitazama ilivyo mingi utajiuliza pembe za ndovu zilibebwa na nani.

Mkurugenzi akaitisha kikao. Lilitolewa wazo la kuliinua dishi kwa bomba refu lipite juu ya mti. Wazo hilo lilionekana jepesi mno kwa taasisi kubwa kama ile, likawekwa kiporo. Badala yake ikapitishwa teknolojia mpya: mvua ikinyesha, Gaudensia ampigie Silasi simu, naye Silasi afungue spika ya kitochi chake na kukishika mbele ya maiki ya mlimani. Hivyo redio nzima, pamoja na leseni yake, nembo yake na Mkurugenzi wake, ikawa inaning'inia kwenye vidole vya mlinzi.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Simu ikalia.

"Uko tayari, kaka Silasi?"

"Tayari."

"Shikamooni wazee wangu wa Tura, wa Nzega, wa Igunga!"

"Marahaba, dada," akaitikia Silasi, hewani.

Angefanyaje? Alilelewa na bibi wa Kimoraviani aliyeamini kwamba asiyeitikia salamu ni mgonjwa au mwizi. Simu iko mkononi, mtu anakusalimu, utanyamaza? Gaudensia aliposoma kifo cha mkulima mmoja wa Nzega, Silasi alisema, "Poleni sana, jamani." Alipowashukuru wasikilizaji, Silasi alijibu, "Asante na wewe. Ukitoka ujifunike, mvua ni kubwa."

Kesho yake Mkurugenzi alipanda kilima mwenyewe kuja kumfukuza. Kwa bahati njia ni ndefu, na njia nzima simu yake haikupumzika: watu walikuwa wanampongeza kwa kuleta redio yenye adabu. Alipofika juu alikuwa ameshageuza maneno, kama wakubwa wanavyojua. Akamweleza Silasi kwamba ule ni ubunifu aliokuwa nao kichwani siku nyingi.

Gaudensia naye alipanda siku nyingine, safari hii amevaa raba.

"Wewe, mimi nilisalimia wazee. Nani kakwambia wewe ni mzee?"

Silasi akayatazama mabuti.

"Ana kwa ana unameza maneno, hewani unaitikia kama shemasi!"

"Mvua... imenyesha kidogo," akasema Silasi.

"Nimelowa chapachapa, kaka. Nimeiona."

Masika ile yote Silasi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mkoani, na hakumwambia yeyote. Kila mawingu yalipokusanyika alikifuta kitochi kwa shati. Alikuwa amejitungia sentensi ya kumwomba Gaudensia awe mke wake, akajizoeza kuisema mbele ya mnara. Mnara haukukataa, akaona ni dalili njema. Lakini simu ilipolia na Gaudensia akamuuliza kama yuko tayari, alijibu "Tayari," na kweli alikuwa tayari, kwa matangazo tu. Alijiambia mvua bado zipo. Kusubiri alikujua vizuri; ndiyo kazi ya mlinzi.

Mvua zikaisha. Majani ya mwembe yakakauka, sauti ikapita safi, na kitochi kikanyamaza kama kilichofiwa.

Mwezi wa nane, mchana mweupe, Silasi akamsikia Gaudensia akiwaambia wasikilizaji kwamba kituo kikubwa cha Dar es Salaam kimemwita, kwamba hicho ndicho kipindi chake cha mwisho, na jioni anapanda treni. Silasi alitoka nje akatazama mbingu. Hapakuwa na wingu hata la dawa. Akarudi kibandani, akauchomoa waya wa dishi.

Simu ikalia.

"Kaka Silasi, sisikiki. Kuna mvua huko?"

"Ipo."

"Mwezi wa nane? Huku Gongoni vumbi tupu!"

"Hii ni ya huku juu."

"Haya. Uko tayari?"

"Tayari."

Akawasalimu wazee, Silasi akaitikia. Akasoma vifo, na mashemeji wote, Silasi akawapa pole wafiwa. Kisha akasema, "Basi, wasikilizaji wangu, mimi naenda. Kwaherini."

Ile sentensi ndefu aliyojizoeza mnarani ilimtoroka yote. Likabaki neno moja.

"Usiende," akasema Silasi.

Lilisikika Nzega, likasikika Igunga, likasikika Tura ambako treni ile ingepita usiku. Ukafuata ukimya, wa kwanza katika historia ya Redio Mninga ambao mwembe haukuhusika nao. Treni ilimchukua jioni hiyohiyo, lakini kwanza alijibu, kwa sauti ndogo ambayo hajawahi kuitia ng'ombe, akiwa amesahau kwamba mkoa mzima unasikiliza, au labda hakusahau:

"Masika yote nilikuwa mkononi mwako, Silasi, ukaishia kusema marahaba."