Sheria ya Benchi

Katika ligi yetu hakuna aliyegusa mpira. Tulikuwa wavulana wanane wa Kidato cha Pili, shule ya kutwa hapa Busia, na kila mmoja alikuwa na timu ya watu kumi na mmoja iliyoishi ndani ya daftari. Wachezaji wenyewe walikuwa watu wazima wenye ndevu waliocheza kila Jumapili: wafanyabiashara wa Burumba, watu wa forodha, vijana wa reli kule Malaba, wavuvi wa Sio Port, na wakulima wa Marachi ambao walicheza kama wanaolima, vichwa chini, bila kuangalia goli liko wapi. Hawakujua kwamba tunawamiliki. Ungemkuta mpagazi sokoni amebeba gunia, jasho linamtiririka, na mtoto wa miaka kumi na tano anamnong'oneza mwenzake, "Huyo wangu. Jumapili asipofunga namuuza."

Bao lilikuwa pointi nne. Pasi ya bao, mbili. Kipa asiyefungwa, tatu. Mchezaji wako akijifunga, unakatwa mbili. Akifukuzwa uwanjani, unakatwa tatu, na kwa watu wa Marachi, ambao walimwona refa kama ng'ombe aliyeingia shambani, hiyo ilikuwa hasara ya kawaida. Tuliwachagua kwa zamu, na mchezaji akishachukuliwa na mmoja, wengine wanameza mate. Kila wiki ulipambana na mwenzako mmoja, pointi zako dhidi ya zake. Wiki saba, kila mtu akakutana na kila mtu. Kisha wanne wa juu wanaingia mtoano: wa kwanza na wa nne, wa pili na wa tatu, na washindi wawili wanakutana fainali, Jumapili ya mwisho kabla ya kufunga shule.

Karani wa ligi nilikuwa mimi. Walinichagua kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri, na kwa sababu nilikuwa nimeshaghushi barua nne za wazazi bila kukamatwa.

Zawadi ilikuwa kiti. Mmoja wetu alikuwa mtoto wa mzee wa Kiislamu mwenye lori, ambaye kila shule ikifungwa alipeleka mzigo Kisumu. Mbele, kati ya dereva na mlango, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Mzee alikubali kumchukua mshindi Ijumaa na kumrudisha Jumapili. "Mmoja tu," alisema. "Wa pili atakaa juu ya magunia na akianguka simjui."

Siku tuliyoandika sheria tuligombana juu ya jambo moja: wakilingana fainali, nani achukue? Mtoto wa mzee wa lori alitaka kurusha shilingi. Mwingine, mvulana wa Sio Port, mtu mkimya ambaye ukimsalimu asubuhi anakujibu saa nne, alitaka ashinde yule aliyekuwa juu zaidi kwenye msimamo.

Nikasimama juu ya dawati. "Wazee," nikasema, "shilingi haina akili na msimamo hauna huruma. Tutazame benchi!"

Kila mtu alikuwa na wachezaji watatu wa akiba ambao pointi zao hazikuhesabiwa. Nilipendekeza zihesabiwe wakati wa sare tu, na benchi likishaandikwa lisifutwe hadi mwisho. "Mtu utamjua kwa benchi lake," nikamaliza, nikakohoa kama mbunge. Walicheka, wakapitisha. Kisha nikaandika benchi langu ili waendelee kucheka: kipa wa Malaba aliyekwenda kuoa na hajarudi, kocha wa forodha ambaye tumbo lake lilitangulia uwanjani dakika tano, na beki mmoja wa Marachi anayecheza na gambuti. Mtoto wa mzee wa lori alilia kwa kicheko. Yule wa Sio Port hakucheka. Aliandika majina matatu ya watu wanaocheza kweli.

Wiki ya tatu mama yangu alipelekwa hospitali kubwa ya Kisumu. Tumbo. Walimpasua, wakamshona, wakampasua tena. Baba alikuwa akienda kila baada ya wiki mbili na kurudi na kikapu kilekile na maneno yaleyale: "Anawasalimu." Nilipoomba kwenda naye alisema nauli ni ya mtu mmoja. Nilipoomba mara ya pili alisema, "Wewe ukienda utamchekesha, na akicheka mshono utaachia." Hakuwa anatania. Baba hatanii.

Kwa hiyo kile kiti nilianza kukitaka kwa namna nyingine. Sikumwambia mtu. Shuleni nilikuwa yule wa kuigiza mwalimu mkuu akipiga chafya, na sikujua mtu kama huyo anaanzaje kusema mama yake ni mgonjwa. Niliona ni rahisi zaidi kushinda ligi.

Na nilikaribia. Wiki ya saba ilipokwisha nilikuwa nimelingana ushindi na mtoto wa mzee wa lori, sote tukigombania nafasi ya nne. Hapo sheria nyingine ikaingia: waliolingana kwenye msimamo, tunatazama walipokutana wao kwa wao. Nilikuwa nimempiga wiki ya pili, pointi kumi na nne kwa kumi.

"Lakini mimi nina pointi nyingi kwa jumla!" alipiga kelele. "Si haki bwana!"

"Sheria ni sheria, ndugu yangu," nikamwambia, nikambariki kwa ishara ya padri. Ilikuwa sheria tamu sana siku hiyo.

Nusu fainali nikamtoa aliyekuwa wa kwanza, kwa sababu ya mtu mmoja: mshambuliaji wa Burumba. Alikuwa Mganda. Kila Jumapili alivuka mpaka na viatu vyake kwenye mfuko wa karatasi, akafunga, akarudi kwao. Alinifungia mabao matatu. Fainali ikawa mimi na mvulana wa Sio Port, na mimi nilishakwenda kwenye lori la mzee kukagua kile kiti. Kilikuwa kimepasuka, sponji inatoka. Nikakipapasa.

Jumapili ya fainali mpaka ulifungwa tangu asubuhi. Hakuna aliyeeleza kwa nini. Siku hizo upande wa pili haukuwa ukieleza mambo. Nilisimama kwenye kona ya uwanja, nikitazama barabara inayotoka mpakani, mpaka kipindi cha pili kikaisha. Mshambuliaji wangu hakuja. Hajaja tena tangu siku hiyo, na watu wa Burumba ukiwauliza wanakuangalia tu.

Jumatatu tulikusanya matokeo chini ya dirisha la maabara. Bao halikuandikwa bila mashahidi wawili, na aliyetoka Malaba alikuwa amekuja kwa baiskeli, amechoka, anataka kuulizwa mara moja tu. Winga wangu wa reli alifunga moja: nne. Kipa wangu wa forodha hakufungwa: tatu. Kiungo wangu alitoa pasi ya bao: mbili. Tisa. Mvulana wa Sio Port alikuwa na mabao mawili na kipa ambaye hakufungwa, kumi na moja, mpaka shahidi wa pili akakumbuka kwamba beki wake alijifunga. Tisa kwa tisa.

Wote wakageuka kunitazama, kwa furaha kabisa. "Karani! Soma benchi!"

Nikasoma. La mwenzangu: mmoja aliingia kipindi cha pili akatoa pasi ya bao. Mbili. La kwangu: kipa bado yuko kwenye ndoa yake, sufuri. Kocha hakushuka uwanjani, sufuri. Mtu wa gambuti alimpiga refa teke, akafukuzwa. Kutoa tatu.

Sijawahi kuwachekesha watu vile. Mmoja aligaragara kwenye nyasi. Mimi nilishika daftari, na kile nilichokuwa nimekificha wiki zote hizo kikatoka chenyewe.

"Naomba hicho kiti," nikasema. "Mama yangu yuko hospitali Kisumu. Wadi ya tano, kitanda cha dirishani. Sijamwona tangu apasuliwe."

Kisha mtoto wa mzee wa lori akapiga magoti, akajishika tumbo. "Wuui, tumbo langu! Wadi ya tano! Huyu jamaa muhula uliopita alimzika babu yake mara mbili ili asifanye mtihani wa hesabu!"

Ilikuwa kweli. Nilimzika mara mbili, na mara ya pili nilisoma hotuba.

Wakacheka upya. Na mimi, Mungu anajua, nikainama kama mwigizaji aliyemaliza mchezo.

Ijumaa nilikwenda pale lori linapopakia. Nilijiambia nakwenda kuwaaga. Mvulana wa Sio Port alikuwa ameshapanda, amevaa shati la kanisani. Aliponiona akashuka. Alinitazama kwa muda mrefu kama anavyotazama kila kitu.

"Ile habari ya kitanda," akasema. "Mtu akidanganya hataji kitanda."

Wengine walikuwa pale nyuma, wamekaa juu ya magunia yaliyobaki chini, wanatusikiliza. Mtoto wa mzee wa lori alikuwa ameshaanza kutabasamu, akingojea nitakachosema.

"Panda," mvulana wa Sio Port akaniambia. "Mimi Kisumu nitaenda siku nyingine."

Kiti kilikuwa wazi. Mlango ulikuwa wazi. Nilichotakiwa kufanya ni kuinua mguu.

"Acha ujinga, boss," nikasema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Nilikuwa natania. Mama yuko nyumbani anapika ugali."

Magunia yote yakacheka. Dereva akapiga honi. Mvulana wa Sio Port akapanda polepole, akafunga mlango, na lori likaondoka.

Alirudi Jumapili jioni, jua likiwa halijazama, akaja moja kwa moja kwetu. Alikuwa amekwenda hospitali. Aliulizia wadi ya tano na akamkuta mama yangu dirishani, amekonda, akajitambulisha kuwa mwenzangu wa darasa. Mama akamuuliza mbona mimi sikuja. Yeye, kwa kuwa hajui kudanganya, akamweleza yote: ligi, sare, sheria niliyoitunga mwenyewe, kipa aliyekwenda kuoa, mtu wa gambuti.

"Alicheka," akaniambia. "Alicheka mpaka nesi akaja kunifukuza. Akasema, 'Mwambie huyo mjinga aje.'"

Nilimpa baba ujumbe. Hata baba alilegea. Akasema Jumatano tutakwenda wote wawili, nauli itapatikana. Jumanne mchana mtu alikuja na baiskeli kutoka posta, ameshika telegramu.

Sijamuuliza daktari kuhusu mshono. Sitaki kujua kama baba alikuwa sahihi.

Baada ya mazishi wenzangu wa ligi walikuja kwetu wote saba, wakakaa kwenye benchi la nje, hakuna aliyejua pa kuweka mikono. Mtoto wa mzee wa lori alijaribu kusema neno, akashindwa, akaanza kulia, na nikamwonea huruma kwa sababu alikuwa akinitazama kana kwamba mimi ndiye nitakayeokoa hali. Sikuwa na kitu. Bado sina. Mwalimu mkuu sasa anapiga chafya na darasa zima linanigeukia, na mimi natazama ubao.

Walipoondoka nilimvuta mvulana wa Sio Port nyuma ya jiko.

"Alicheka vipi?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Unajua nani. Fanya."

Akaangalia huku na huku. Akavuta pumzi, akajaribu. Kikatoka kicheko cha mvulana, kizito, cha puani.

"Si hivyo," nikamwambia. "Jaribu tena."

Akajaribu tena, macho yake yamejaa maji.

"Si hivyo."

"Najua," akasema. "Najua si hivyo."